Matusi ya Mzee Temba

Meza ilipowaka, moyo wa Nakundwa Mgonja ulitokea juu yake, wa rangi ya chungwa, ukidunda taratibu kama wa mtu aliyeshiba.

Haukuwa moyo wa nyama. Ilikuwa picha iliyochorwa na msomanyayo, mashine kuu ya Kituo cha Utulivu cha Moshi. Mguu ukipita kwenye tope huacha alama, na binadamu wa zama hizo aliacha alama kwa kila alichofanya. Bangili ya mkononi ilipima mapigo ya moyo, jasho, hatua na usingizi. Simu ilijua vidole vinavyosita kabla ya kuandika, nani anapigiwa na nani anakwepwa. Kisikio, kidude kama punje ya mahindi kilichokaa nyuma ya sikio, kilisikia sauti za mtu na za wanaomzunguka. Msomanyayo iliyachukua hayo yote, ikayapepeta, kisha ikamwekea daktari mezani ramani ya nafsi ya mgonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajapiga hodi.

Daktari Aikande Shirima aliipenda mashine ile, na alikuwa na sababu. Mwaka uliopita ilimwona kijana mmoja wa chuo ameacha kupokea simu za mama yake, halali, hali, na asubuhi moja anatembea kuelekea darajani kwa mwendo wa mtu asiye na safari. Aikande alimwahi. Kijana yule sasa ana mke, na wanagombana kuhusu pazia kama watu wengine. Kwa hiyo asitokee mtu akasema mashine hazina faida. Mama wa kijana yule akikusikia, atakufukuza kwake na mwiko mkononi.

"Mgonjwa amepona," ilisema meza kwa sauti yake laini. "Usingizi mzuri. Hamu ya kula kubwa. Hupanda mlima kila alfajiri. Hagombani na mtu. Inapendekezwa arudishiwe leseni ya kuruka."

Nakundwa alikuwa rubani wa melianga, yale maputo marefu yenye umbo la kiazi kitamu yaliyobeba ndizi, saruji na wagonjwa kupita juu ya milima, tangu mafuriko yalipozimaliza barabara za bondeni. Alikuwa rubani tangu ujana wake. Mumewe, Elinazi, alikuwa fundi wa melianga hizo hizo. Elinazi alipofariki ghafla, sheria ilimtaka Nakundwa akae chini mpaka msomanyayo iseme nafsi yake imetulia, kwani hakuna anayetaka abiria wake wabebwe na rubani aliyevunjika moyo. Kesho yake Jopo la Afya ya Marubani lingekaa kumjadili.

Kazi ya Aikande ilikuwa kuweka saini tu. Lakini saini ya kwanza kwenye jalada lile bado ilikuwa inamkera, ingawa hakujua kwa nini. Aliiweka siku chache baada ya mazishi, pale msomanyayo ilipotoa taarifa iliyomtisha: *Mfiwa ametukanwa mfululizo na mwanaume mmoja mbele ya watu. Moyo umekwenda mbio. Amecheka bila mpangilio. Hatari.*

Alitukanwaje, kwa maneno gani, mashine haikusema, na haikuweza kusema. Sheria ya Siri ilikikataza kisikio kuhifadhi maneno ya watu. Kilisikia, kikapima, kikayatupa maneno na kubakiza aina yake tu: sifa, kilio, ugomvi, kicheko, matusi. Walioitunga sheria walikuwa na nia njema kabisa. Ilikuwa kama kumwaga mboga na kubaki na harufu, halafu kuandika kitabu cha mapishi.

Kwa taarifa ile mashine ilitoa Amri ya Kutenga. Mwanaume yule alikatazwa kumkaribia Nakundwa ndani ya nusu kilomita, na bangili yake mwenyewe ingepiga kelele kama angethubutu. Aikande alisaini asubuhi ile ile, akajisikia ameokoa mwanamke. Mwongozo ukamwelekeza asimtaje mtesi huyo kwa mgonjwa hata siku moja, asije akatonesha kidonda. Naye, kwa kuwa alikuwa daktari mtiifu, hakumtaja.

"Hodi humu," ilisema sauti mlangoni.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Meza haijambo?"

Nakundwa aliketi. Gauni lake jeusi lilimning'inia mabegani kama limeazimwa, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Aikande aliitazama meza, ambapo moyo wa rangi ya chungwa ulikuwa ukidunda kwa raha, kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi, aliviona vitu viwili mahali palipotakiwa kuwa na kimoja.

"Mama, huwa unapanda mlima alfajiri?"

"Nani, mimi? Na goti hili?" Nakundwa aliitupia meza jicho. "Meza ndiyo imesema?"

"Imesema."

"Basi itakuwa kweli. Meza haiongopi." Akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha ndani yake.

Aikande alikiegemea kiti. Alijua lipi analotakiwa kusema; lilikuwa limeandikwa ukingoni mwa meza kwa herufi za kijani: *Mpongeze kwa maendeleo yake.* Hakumpongeza. "Mama, yule mwanaume wa msibani," alisema. "Alikuambia nini?"

Ukingo wa meza ukageuka mwekundu: *Swali hili halishauriwi.*

Nakundwa aliyasoma maandishi yale kichwa chini, miguu juu, kutoka upande wake wa meza. "Ehee," alisema. "Tangu nianze kuja hapa kila Alhamisi, umeniuliza nalala vipi, nakula nini, naota nini. Hilo leo ndiyo mara ya kwanza. Yule ni Ndelilio Temba, Mchaga wa Kilema. Fundi wa injini, mwenzake na marehemu tangu ujana. Siku ile tumeketi uani Usangi, kimya, watu wanatazama vidole vyao. Akaingia amevaa ovaroli ya mume wangu. Anatembea kama mume wangu, bega moja juu, hivi. Akasimama katikati ya wafiwa akapaza sauti: 'Nyinyi Wapare msitudanganye! Mwenzetu huyu hakufa kwa maradhi. Ameuawa na makande! Maisha yake yote mtu analishwa makande, asubuhi makande, sikukuu makande, moyo utaacha kususa?'"

Aikande alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mume wangu alikufa anakula, daktari," Nakundwa aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Sahani ya makande ilikuwa mbele yake. Nilichemsha mahindi na maharage mimi mwenyewe, nikaruka kwenda Lushoto na mzigo wa saruji. Waliokuja kunipa habari walinieleza yote isipokuwa hilo, lakini niliwaona. Wakija kunipa pole wanaogopa hata kutaja neno mahindi mbele yangu. Mimi nalala na swali langu peke yangu. Je, ni chumvi niliyotia? Ni mafuta? Au ni vile sikuwepo? Nani nimuulize? Kila mtu anayaficha macho. Temba akalichukua swali langu, akalitupa uani hadharani, watu wakaangua kicheko mpaka shangazi wa marehemu akaanguka kitini. Nami nikacheka. Nikacheka mpaka nikalia, na kabla ya hapo nilikuwa sijalia hata tone. Siku zote za msiba alinifanyia vile. Nilikuwa naanza kupata nafuu. Halafu mkamfukuza."

"Moyo wako ulikwenda mbio," alisema Aikande. Alisikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokuwa ya kijinga.

"Ulikwenda mbio, ndiyo! Ulitaka ukae?"

Daktari Aikande Shirima alizaliwa Rombo, Uchagani. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza utani ni nini. Wachaga na Wapare ni watani toka enzi za mababu; Mchaga humwita Mpare mchoyo, mla makande, mtu wa kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mpare naye hujibu kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake usubiri. Msibani mtani hugeuka kuwa kiongozi. Ana haki ya kusema lisilosemeka, na kumkasirikia ni mwiko. Katika ukoo wa Mgonja mtani ndiye pia anayefagia ua siku ya kuanua matanga, na mpaka afagie, mjane hubaki na nguo zake nyeusi.

"Kwa nini hukuniambia mapema, mama?"

"Hukuuliza. Nami nikaapa, kama ni shauri, basi nitalipeleka kwenye jopo. Mpare hamalizi kesi kibarazani wakati baraza la wakubwa lipo." Alinyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri. "Ila nitakuambia kilichoniuma. Mashine haijui, nimeisamehe, haina bibi. Lakini wewe una bibi, binti Shirima. Wewe una bibi!"

Alipotoka, aliacha mlango wazi. Aikande alikaa pale akiona haya, na haya hiyo ilikuwa ya moto kama uji. Kilichomchoma zaidi ni kwamba yule mwanamke alikuwa ameonewa na yeye, kwa upole, kila Alhamisi, na kwa nia njema.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa kituo, Bwana Rweyongeza, ambaye ndiye pia angekuwa mwenyekiti wa jopo kesho yake. Rweyongeza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu nadhifu aliyependa mambo yaishe vizuri kabla ya chakula cha mchana. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu mahali panapostahili.

"Nimekuelewa, daktari. Hata kwetu kuna utani. Lakini amri ikishatolewa na msomanyayo haiondolewi kwa mkono wa mtu; ndiyo maana watu wanaiamini, kwamba haina mjomba wala shangazi. Na angalia matokeo! Mtesi ametengwa, mgonjwa amepona. Kesho anarudishiwa melianga yake. Wewe unataka nini tena?"

"Nataka Mzee Temba asiitwe mtesi."

"Jina lake litabaki kwenye kumbukumbu, basi. Kumbukumbu haziumi." Aligusa bangili yake mwenyewe, maana wafanyakazi wote wa kituo walivaa bangili na kisikio kama wagonjwa wao. "Na uwe mwangalifu. Mfanyakazi wetu akisikika anamtolea mfiwa maneno makali, anasimamishwa hapo hapo, na mimi sina uwezo wa kulizuia. Mashine inatusoma na sisi."

Kesho yake jopo lilikaa kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu, wenye madirisha yanayotazama Kibo, kilele ambacho watoto wa siku hizo waliijua theluji yake kwenye picha tu. Wajumbe walikuwa watano. Nakundwa aliketi mbele yao na begi la turubai miguuni, mgongo umenyooka. Aikande alikaa pembeni, mahali pa daktari.

Rweyongeza alisoma taarifa kwa sauti ya kuridhika. Ilisema kwamba mgonjwa aliteswa kwa maneno na mtu mmoja aitwaye Ndelilio Temba. Kwamba mtu huyo alitengwa. Kwamba tangu atengwe, mgonjwa amepata utulivu wa mfano. "Rubani Mgonja," alisema, "ukikubali taarifa hii kama ilivyo, utaruka Jumatatu. Unaikubali?"

"Naipinga."

Wajumbe walitazamana. Mmoja wao alikohoa.

"Mama, umeelewa? Taarifa inasema umepona."

"Nimeelewa sana. Nataka kuuliza mashahidi." Wapare wawili waliokuwa kwenye jopo walijiweka sawa vitini, damu ni damu. Nakundwa alisimama, akaelekeza kidole kwenye meza ya msomanyayo iliyowekwa katikati ya ukumbi. "Iulizeni hiyo, mimi sasa hivi nina hali gani?"

Meza ikawaka. Moyo wa rangi ya chungwa ukatokea, ukidunda kwa starehe. "Mgonjwa ametulia," ilisema. "Anakula."

Wajumbe waliitazama meza, kisha mgonjwa aliyekuwa amesimama mbele yao akitetemeka kwa hasira, na mdomoni hakuwa na kitu. Nakundwa alinyanyua mkono wake wa kushoto, akauvuta mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa na alama nyeupe ya mahali bangili ilipokaa, basi.

"Bangili ile huitambua ngozi ya mtu siku ya kuvishwa tu," alisema, "kwa kuwa haitakiwi kufunguka. Lakini marehemu alikuwa fundi, na ufunguo wake wa kuzifungulia ninao. Mlipomfukuza Temba wangu nilimvisha mbuzi. Nilimnyoa manyoya mguuni, nikamfungia. Anaitwa Hakimu. Anapanda mlima kila alfajiri, analala mapema, hagombani na mtu, anakula. Simu na kisikio nimevifungia kwenye kabati la nguo, ndiyo maana hamkusikia ugomvi. Mimi mwenyewe sili. Usiku natazama dari. Mngeniona, mngejua. Lakini hamkunitazama mimi, mmetazama meza." Alipumua. "Hakimu yuko hapo chini kwenye bustani yenu, nadhani yuko kwenye yale maua ya njano. Mbuzi amefaulu, waheshimiwa. Mpeni yeye leseni, akawarushe."

Mjumbe mmoja wa Kipare alificha uso kwa karatasi, mabega yakimtikisika. Rweyongeza alikwenda dirishani, akachungulia, akarudi bila kusema alichokiona. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Huu ni udanganyifu," alisema. "Umeihujumu tiba yako mwenyewe."

"Siyo tiba yake," alisema mtu, na Aikande akashangaa kugundua kwamba mtu huyo ni yeye, na kwamba amesimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, ile amri niliisaini mimi. Niliisaini bila kumuuliza mwenye msiba hata neno moja. Mama huyu alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyethubutu kulitamka jambo lililokuwa linamuua, nasi tukamwondoa mtu huyo, halafu tukampima mbuzi tukashangilia. Mashine imesoma sawasawa: moyo ulikwenda mbio, matusi yalitukanwa, mtu alicheka msibani. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililoeleweka. Naiondoa saini yangu. Taarifa hii siyo yangu tena."

"Kaa chini, daktari."

"Nitakaa. Lakini saini imeondoka."

Jopo lilifanya kama majopo yafanyavyo. Liliahirisha. Leseni ya Nakundwa ilibaki kabatini, na Amri ya Kutenga ikaendelea kusimama mpaka hapo msomanyayo itakapofundishwa upya, na hakuna aliyesema itafundishwa lini wala na nani. Nje ya jengo Nakundwa alimvuta Hakimu kutoka kwenye maua kwa kamba, akionekana mtu aliyeshinda, ingawa kwa hesabu ya kawaida alikuwa ameshindwa kila kitu.

"Ungekubali tu, ungeruka Jumatatu," Aikande alimwambia.

"Niruke nimemwacha Temba chini na jina la mtesi? Ningekuwa nimembeba begani kila safari, na melianga isingenyanyuka." Alimpiga mbuzi kibao kidogo cha mgongoni. "Sikiliza, daktari. Ukoo umechoka kusubiri. Jumamosi wanataka matanga yaanuliwe, mtani awepo asiwepo. Mimi siwezi kuvua nguo hizi kwenye ua ambao haujafagiwa na mtani. Nimewaza sana." Akamtazama machoni. "Wewe si Mchaga?"

Aikande aliwaza kuhusu mashine inayowasoma na wao, na kazi aliyoisomea miaka mingi, na yule kijana wa darajani, na wengine kama yeye ambao wangehitaji mtu wa kuwawahi. Aliogopa kweli kweli. Halafu akamwona Nakundwa ameshika kamba kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Sijatania mtu tangu nikiwa shuleni," alisema.

"Hilo litaonekana. Njoo hivyo hivyo."

Usangi siku ya Jumamosi ilikuwa na jua jembamba la mlimani na harufu ya maharage yanayochemka. Ua ulijaa ndugu wa ukoo wa Mgonja, wamekaa kimya, wanatazama vidole vyao kama siku ya kwanza. Nakundwa alikuwa kwenye mkeka katikati, amevaa nyeusi. Aikande alipofika alipewa ufagio wa majani, nao ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia.

Nakundwa alimnong'oneza, "Ufunguo wa marehemu ninao hapa kwenye kanga. Nikufungulie hiyo bangili, na kisikio tukifungie kabatini? Hakimu yuko tayari kukuvalia."

Aikande aliutazama mkono wake. Ingekuwa rahisi. Mbuzi angetafuna nyasi, meza ya Moshi ingewaka rangi ya chungwa, na Jumatatu angerudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Hapana," alisema. "Nataka mashine isikie."

Alianza kufagia. Alifagia kwa aibu, ameinama, kama mgeni anayesaidia kazi. Watu wakamtazama kwa huruma, na hapo ndipo sauti ilipotoka ng'ambo ya bonde, kwenye kilima cha pili, mahali ambapo nusu kilomita iliishia. Mzee mmoja alikuwa amesimama juu ya jiwe kule, amevaa ovaroli ya buluu iliyofifia, bega moja juu.

"Sauti, daktari!" alipiga kelele Mzee Temba, viganja mdomoni. "Unafagia kama unaomba chumvi! Wachaga tumeishiwa watu kiasi hicho?"

Watu walicheka, kicheko cha kwanza, kidogo. Aikande alisimama wima. Alisikia moyo wake ukianza kwenda mbio, na akajua kwamba mahali fulani Moshi meza imeshauona. Akaushika ufagio kama mkuki.

"Wapare!" alisema, kwa sauti ya ofisini. Akaanza upya, kwa nguvu zaidi. "Wapare nyinyi! Nimetoka Rombo hadi hapa sijapewa hata maji! Mnaficha mpaka mtungi! Hata huyu mbuzi wenu amenigeuzia mgongo nisije nikaomba maziwa!"

"Ni dume huyo!" mtu akajibu kutoka nyuma. "Wewe Mchaga ukiona kitu unawaza kukamua tu!"

Ua ukaangua kicheko. Aikande aliendelea, na maneno yalianza kumjia yenyewe, ya bibi yake, ya shangazi zake, ya misiba ya utotoni ambayo hakujua kama bado anayo. Kisha akafika mbele ya mkeka, na kicheko kikapungua, maana kila mtu alijua ni lipi lililobaki. Nakundwa aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu, na yalikuwa yanamsihi.

Aikande alikuwa amefundishwa kwamba neno hilo ni kidonda na kidonda hakiguswi. Akaliinua hadharani.

"Na wewe," alisema, akimwelekezea mpini wa ufagio. "Wewe mpishi. Mwanaume wa watu, fundi, mzima, mguu huu na ule, umemmaliza kwa makande! Umempikia mpaka moyo wake ukaomba ruhusa! Elinazi amekwenda mbinguni, malaika wamemwambia karibu chakula, amekimbilia kitandani akajifunika shuka!"

Nakundwa akacheka. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega, kikamlaza kwenye mkeka, na kilipofika kooni kiligeuka kilio, kikubwa, cha wazi, cha mtu aliyezuiwa kwa muda mrefu. Alilia akicheka, akimshika Aikande miguu. "Chumvi ilizidi," alisema katikati ya machozi. "Siku ile chumvi ilizidi, na hakusema kitu, alikula tu!" Wanawake wa ukoo walimzunguka, nao wakicheka na kulia, na mtu mmoja akalitamka neno makande, kisha mwingine, mpaka likawa neno la kawaida tena. Ng'ambo ya bonde Mzee Temba alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, kichwa kati ya magoti, ovaroli ikitikisika.

Bangili ya Aikande ililia. Taa nyekundu iliwaka juu ya mshipa wa mkono wake, na sauti laini ya Kituo cha Utulivu ikazungumza sikioni mwake. "Daktari Shirima, umesikika ukimtukana mfiwa. Umesimamishwa kazi kuanzia sasa. Amri ya Kutenga imetolewa. Tafadhali ondoka umbali wa nusu kilomita."

Nakundwa alikuwa bado amemshikilia miguu. Hakukuwa na mahali pa kuondokea, na hata pangekuwapo, ua ulikuwa umefagiwa upande mmoja tu.

Aikande alikigusa kisikio nyuma ya sikio lake ili mashine isikie vizuri.

"Subiri kidogo," aliiambia. "Sijamaliza."